Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: kamba ya mita 60 ipimwe pande zote

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Kamwene.

Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya kijiji chetu: kila mwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni penye unyevu, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji aondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mita 60 siipingi. Imo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, na sisi tunaokunywa maji ya mserereko, yanayoteremka yenyewe kwa bomba kutoka mlimani, ndio wa kwanza kuitaka. Ninachouliza ni kwa nini kamba ya kupimia ilifika kwenye matuta ya mahindi ya kina mama, ikaishia hapo.

Juzi nilipanda hadi kwenye kidakio, pale maji ya chemchemi yanapodakwa kuingia bombani. Mwezi Juni maji hufurika juu ya ukuta, mlio wake unausikia kabla hujafika. Safari hii nusu ya bomba ilikuwa wazi, na chura amekaa juu ya chujio, mkavu. Ndiyo maana huku chini bomba linakohoa hewa na ndoo zinapangwa foleni tangu saa kumi usiku. Upande mmoja wa chemchemi kuna vinyungu vinne. Kimoja ni cha bibi anayelea wajukuu watatu. Upande wa pili, hatua kumi na mbili kutoka jicho la maji (nilizihesabu, nikarudia), unaanza msitu wa mikaratusi. Mwenyewe anaishi mjini, kwenye mkutano wa kijiji hatujamwona hata siku moja. Mahindi ya bibi yamewekewa vigingi. Ile miti haina hata alama.

Mheshimiwa, kinyungu hulimwa kiangazi, mvua zikikolea kinaachwa. Mkaratusi hunywa mwaka mzima, na ukiukata kisiki kinachipua upya. Sheria inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu chanzo. Kwa kipimo hicho, nani alipaswa kutangulia kuondoka? Wazee wetu waliiacha mivengi, miti yetu ya asili, isimame kwenye chemchemi, na hawakuwa na kamba wala kifungu.

Sisemi wenye vinyungu ni malaika. Yupo anayepulizia nyanya dawa juu kidogo ya kidakio. Huyo aondoke leo, asisubiri mwisho wa mwezi.

Maji haya yakitutoka yanaingia Ruaha Mdogo, yanakwenda Mtera, kisha Kidatu kuzungusha mitambo ya umeme. Hoja hii si ya kijiji kimoja.

Tunaomba uje mwenyewe, pamoja na mtaalamu wa bodi ya maji ya bonde. Kamba ianzie kwenye jicho la maji, ipimwe pande zote. Mwenye mikaratusi avune mbao zake, hakuna anayetaka kumdhulumu, lakini visiki ving'olewe au vichunwe magome hadi ardhini visichipue tena, na mivengi ipandwe mahali pake. Bibi aachiwe avune mahindi yaliyokwisha kubeba, asipande tena.

Ukija kabla ya mvua, gari litafika hadi shuleni. Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Kamba tunayo.

Mchota maji,
Kituo namba 4