Roshani za Mji wa Kale zitengenezwe, wenyewe wakiwamo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, nilikozaliwa na ninakoishi hadi leo.

Oktoba iliyopita nilikwenda Jojia kumtembelea mpwa wangu anayesomea udaktari mjini Tbilisi, naye akanipeleka Sighnaghi, mji mdogo wa jimbo la Kakheti ulio juu ya kilima kinachotazama bonde la mto Alazani, na ambao wakazi wake hawafiki 2,000. Umezungukwa na ukuta wa zaidi ya kilomita 4, wenye minara 23, uliojengwa katika karne ya 18 kwa amri ya Mfalme Erekle wa Pili ili watu wa vijijini wapate pa kujihifadhi kila walipovamiwa kutoka Dagestan. Jina la mji lina asili ya Kituruki na maana yake ni kimbilio. Kilichonigusa zaidi ni kuambiwa kwamba minara ile huitwa kwa majina ya vijiji vya jirani. Papo hapo niliyakumbuka Mataifa yetu Kumi na Mawili, yaani makundi ya Waswahili wa Mombasa: Wakilifi, Wamtwapa, Wafaza, Wapate na wenzao, ambao walikuja Mvita na majina ya walikotoka, nasi tunayo mpaka leo.

Nyumba za Sighnaghi zina roshani za mbao zilizochongwa, na nyingi zilikarabatiwa kwa mpango wa serikali miaka ya 2000. Katika mojawapo nilimwona bibi mzee ameketi akitunga kokwa za jozi kwenye uzi, akizichovya katika maji ya zabibu yaliyopikwa na unga hadi yakawa mazito kama uji, kisha akizitundika kwenye ukingo wa roshani zikauke. Kitu hicho hukiita churchkhela. Roshani ilikuwa imetengenezwa upya, na mwenyewe alikuwamo.

Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo kuta za namna hiyo hupumua, yaani unyevu huingia na kutoka. Miaka michache iliyopita mkandarasi mmoja alitushauri tupige lipu ya saruji, kwa kuwa hukauka upesi. Masika ya pili hayakwisha kabla ukuta haujaanza kutoa jasho, chumvi ikachanua juu yake kama unga, na lipu ikabanduka mapande mapande pamoja na mawe. Fundi mzee tuliyemwita baadaye alilisugua vumbi lile kwa kidole gumba, akatwambia kuwa saruji imeyafungia maji ndani. Mafundi kama yeye wamebaki wa kuhesabika.

Fort Jesus iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na hilo ni jambo la fahari kwetu sote, lakini ndani ya ngome halali mtu. Wanaolala wako katika mitaa ya Mji wa Kale: Ndia Kuu, Kibokoni na Kuze. Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti iwasaidie wenye nyumba kupata chokaa na mbao, iwalipe mafundi wazee wawafunze vijana, na ihakikishe kwamba mpangaji anayepisha ukarabati anarudi nyumbani kwake kwa kodi anayoimudu.

Jirani yangu ni mjane, na roshani yake imeegemezwa kwa boriti mbili tangu Ramadhani. Mbao ameshanunua, zimelazwa ukumbini. Anachokosa ni fundi na ujira wake.

Mkazi wa Mji wa Kale,
Mombasa