Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bustani Tulizotembelea na Kiwanja Chetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida niyamalize kwanza. Mahesabu yamekaguliwa na mweka hazina atayasoma baada yangu. Mwenye swali la risiti amngoje yeye. Walioingia chamani ni wengi kuliko waliotoka, hasa vijana wa ghorofa mpya. Usafi wa Jumamosi unaendelea, japo wanaoshika fagio ni wale wale.

Kazi kubwa mwaka huu ilikuwa kutembea na kutazama. Mkutano uliopita uliamua kwamba kabla ya kuomba ruhusa ya kutengeneza kiwanja chetu hapa Pangani, Nairobi, tukaone wengine walivyofanya. Mtaa huu una Mkikuyu, Msomali, Mhindi, Mluo, Mkamba na Mmeru, na kila mmoja ameshaniambia, kwa upole au kwa ukali, kwamba anataka kujiona kwenye mchoro.

Mbali zaidi tulifika Copenhagen, mimi na katibu, kwa mwaliko wa jirani yetu wa zamani anayeishi Denmark. Nauli tulijilipia wenyewe; nalisema kabla halijaulizwa. Bustani yenyewe inaitwa Superkilen, na iko Nørrebro, mtaa wenye wahamiaji wengi. Ni ukanda mwembamba wa karibu mita 750 unaopita katikati ya makazi, uliofunguliwa 2012. Waliouchora ni wasanifu wa BIG na Topotek 1 pamoja na kundi la wasanii la Superflex, na mwaka 2016 ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Kilichotupeleka huko si tuzo. Wachoraji wale waliwauliza wakaazi ni kitu gani cha kwao wangependa kukiona hapo, na ndiyo maana leo kuna vitu zaidi ya 100 vilivyotolewa au kuigwa kutoka nchi zaidi ya 50: bembea za Iraq, chemchemi ya Morocco, ulingo wa ndondi wa Thailand, vyuma vya mazoezi kama vile vya ufukweni Los Angeles, hata bango la taa la daktari wa meno kutoka Qatar. Wakaazi wengine walisafiri na wasanii kwenda kuchukua walichokichagua. Waliochagua Palestina walirudi na udongo.

Bustani ina sehemu tatu: nyekundu, nyeusi na kijani. Katika ile nyeusi, lami imechorwa mistari myeupe mirefu inayokwenda sambamba, na kila inapokikuta kitu inajipinda, inakizunguka na kuendelea na safari. Kando ya kila kitu kuna kibao cha chuma kilicholazwa ardhini, kinaeleza kwa Kidenmark na kwa lugha ya huko kilikotoka. Katibu alichuchumaa kusoma kimoja, akaombwa apishe: alikuwa amekaa kwenye njia ya watoto waliokuwa wakiteremka kwa utelezi wa Kijapani wenye umbo la pweza. Hawakuwa na habari na Japani wala na kibao. Nilipendezwa zaidi na hilo kuliko na maandishi.

Si kila kitu kilinivutia. Kuna fahali mkubwa mweusi wa Kihispania, ambaye kwao alianza maisha kama tangazo la pombe, na muda tuliokuwa pale sikuona mtu wa kumjali. Palipokuwa na watu ni penye pa kukaa, kucheza au kuchoma nyama.

Nyumbani tulizuru bustani mbili, na waliokuja walikuwa wengi. Jeevanjee ilitolewa kwa umma 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi. Miaka ya 1990 ilipomezewa mate na wajenzi, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, ikasalimika. Ukipita pale mchana utakuta mhubiri huku, wabishi wa siasa kule, na katikati mtu amelala zake. City Park tulifika kwenye kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, mtoto wa baba Mgoa na mama Mmaasai, aliyelala karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa 1965. Kati ya sanamu za mawe na tumbili wanaonyang'anya watu ndizi, tulikaa kuliko ratiba ilivyoruhusu.

Sasa ubishi wenyewe. Mchoro wa kwanza wa kiwanja ulikuwa na ngao, mikuki, kibuyu na kijumba cha nyasi kwa kila kabila. Niliupinga na bado naupinga. Hakuna hata mmoja wetu mwenye mkuki sebuleni, na ukiweka kijumba cha huyu bila cha yule umeanzisha kesi. Mama mmoja wa nyumba za nyuma ndiye aliyetutoa hapo, alipouliza wazee wa kila kabila hucheza nini. Kumbe wengi hucheza michezo ya kete: Waluo wana ajua, Wakikuyu giuthi, watu wa pwani bao, Wasomali wana shax, Wahindi keramu, na vijana wa stendi wana drafti ya vifuniko vya soda. Kamati ikakubali meza za zege zenye mashimo na mistari iliyochongwa juu yake, chini ya miti, na viti vyenye pa kuegemea kwa ajili ya wazee. Keramu itabaki ndani kwa mwenyewe, kwa kuwa mvua haitaiachia ubao.

Barua ya kuomba ruhusa tuliipeleka mapema. Ofisi husika ilitutuma kwa nyingine, nayo ikaturudisha kule kule. Nakala zenye mihuri ya kupokelewa ziko kwa katibu kwa anayetaka kuziona. Tutaendelea kufuatilia, na naomba wanachama wawili wenye subira na viatu imara wajitolee kuandamana nami.

Kabla ya uchaguzi wa leo, karatasi ya mchezo itapitishwa. Kila nyumba iandike mchezo mmoja na jina la mzee anayeujua vizuri, ili fundi akachukue vipimo kwake na asikisie idadi ya mashimo.