Mheshimiwa, Mchoro wa Jengo Letu Uko Wapi?

Kwako Mheshimiwa msimamizi wa mipango ya mji,

Asalaam aleikum. Natumai waraka huu umekukuta mzima na usingizi wako ni wa raha. Sisi wapangaji wa jengo la maduka hapa Mombasa hatujalala. Alhamisi baada ya Isha lori lilikuja likashusha mabati, vijana wakaanza kuyapigilia mbele ya milango yetu. Kulipokucha, kila nguzo ya baraza ilikuwa imepakwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Tulipomuuliza bawabu akajibu, "Mimi nimeajiriwa jana, mama."

Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua za bahasha hazifiki popote. Zinagongwa muhuri wa kupokelewa, basi.

Huenda kwa wingi wa shughuli umeusahau mkutano uliouitisha pale pale barazani. Kiti ulichokalia ni cha duka langu. Ulinywa kahawa, ukatafuna kashata, ukatuambia maneno matamu: mchoro wa jengo jipya utabandikwa ukutani kila mtu auone kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa, na kila aliyemo atapata nafasi ya kurudi. Tukakupigia makofi. Kahawa ile hatukudai, Mheshimiwa. Mchoro tunakudai.

Watu wako wanasema jengo limezeeka na halina sura. La uzee nakubali. Lilijengwa nchi ikiwa bado changa, enzi ambazo Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road, na Digo Road wazee wakiiita Salim. Lakini aliyelichora aliijua Mombasa. Baraza ni pana, mteja hutoka duka hili kuingia lile bila kuguswa na jua la saa saba wala mvua ya masika. Kuta za ngazi ni za matofali ya matundu, kusi ikivuma inaingia upande huu na kutokea ule. Madirisha ya juu yamewekewa vibao vya zege vya kukinga jua. Nashona sare za shule na madera humo tangu mamangu aniachie cherehani, na feni naiwasha kaskazi tu. Hilo jumba la vioo linalosemwa, bili ya stima ya kulipoza ataibeba nani kama si mpangaji?

Linavuja, ndiyo. Linavuja kwa sababu mabomba ya paa yameziba, na kodi tunayolipa haijawahi kurudi hata kwa kopo moja la rangi. Rangi ya kwanza kuiona kwa muda mrefu ndiyo hii nyekundu.

Mimi nahisi, na unisahihishe nikikosea, kwamba shida si jengo, ni kiwanja. Wateja wenye magari walivuka daraja wakaenda Nyali kwenye maegesho. Reli mpya ilipoanza 2017 na makontena yakapanda treni, hela ya madereva na makuli ikapungua mjini. Maduka yakafungwa moja moja. Na kisiwa hakiongezeki ukubwa, kwa hivyo ardhi iliyo chini yetu sasa ina thamani kuliko sisi tulio juu yake.

Kama ni mfano unautaka, Dar es Salaam si mbali. Soko la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, zege tupu, paa lake limesimama kama miavuli. Julai 2021 likaungua. Hata baada ya moto wenzetu hawakulifuta. Walilikarabati na kuongeza jengo jipya kando yake. Letu halijaungua. Linataka fundi wa bomba.

Najua sheria, usidhani sisi mafundi hatusomi. Sura ya 301 ya sheria za Kenya inamruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji wa duka kama anataka kubomoa na kujenga upya. Lakini inataka notisi ya maandishi, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu, na mpangaji ana haki ya kwenda kulalamika mbele ya baraza la kesi hizo. Sisi notisi tuliyopewa ni mabati. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 35, inanipa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Mchoro uliopelekwa kwako kuombewa kibali ni habari.

Shule zinakaribia kufunguliwa, ndiyo msimu wangu wa mwaka mzima. Wazazi wanapita, wanaona mabati, wanadhani nimefunga. Vitambaa nilichukua kwa mkopo. Wasichana wawili ninaowafundisha kazi wameanza kuniuliza kama waje kesho, na sina jibu. Tunasikia pia kwamba maduka mapya yatatolewa kwa gudiwili, yaani hela ya kuingilia dukani mbali na kodi. Mimi wa kutoa gudiwili nitaitoa wapi?

Sikuombi fidia leo. Sikuombi hata jengo libaki, ingawa ningependa. Naomba mchoro, ule ulioahidi, ubandikwe tuone kama maduka madogo yamo. Ikiwa kibali umeshakitia sahihi, tuambie hivyo tujue. Ikiwa bado, usitie mpaka mchoro ubandikwe. Ijumaa baada ya swala tutakuja ofisini kwako, na safari hii tutangoja mpaka utoke.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, duka la pili kutoka ngazini