Filamu ya Jumamosi: saa imebadilika

Assalaam aleikum wanakikundi.

Citizenfour (2014), filamu ya hali halisi kuhusu Edward Snowden, sasa itaanza saa 2:15 usiku, baada ya isha, darini palepale Langoni. Ina dakika 114; tukichelewa, mjadala ndio utakaoliwa.

1. Mchango sh. 150 kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa magharibi. Ni wa mafuta ya jenereta na kahawa.
2. Mwenye projekta afike saa 12:30 apime. Faili inazidi GB 4 na flashi ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili) haiipokei, hata ikiwa tupu. Flashi ipigeni fomati ya exFAT, mpangilio mpya zaidi, kwanza.
3. Kusi inavuma: shuka la kuonyeshea filamu likipepea, maandishi ya chini hayasomeki. Vijana wawili walifunge pembe zote nne, na upindo wa chini uning'inizwe chupa za mchanga.

Mtazameni Snowden, Mmarekani aliyefichua siri za ujasusi wa nchi yake, anavyojifunika kitambaa chekundu akiandika nywila, hotelini Hong Kong, Juni 2013. Tutaanzia hapo, kisha kifungu cha 16 cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kinachomlinda mfichuaji hapa Kenya (kwangu hicho ndicho kikubwa).

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku. Mikeka tutaazima kwa hesabu hiyo.