Barua kwa Mwanangu: Kuba la Florence na Elimu ya Basra

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba mnafundishwa kuwa ustaarabu wa Magharibi ulizaliwa Ugiriki, ukasinzia kwa karne nyingi, kisha ukaamshwa na wachoraji wa Italia. Nimelifikiria sana jambo hilo, na naona heri nikujibu kwa mji mmoja tu wa Italia, Florence wa karne ya 15.

Ulikuwa mji wa sufu na mabenki. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1296, na baadaye chama cha wafanyabiashara wa sufu ndicho kilichosimamia ujenzi, lakini kwa miaka mingi lilibaki wazi juu ya madhabahu, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kufunika upana wa takriban mita 45. Filippo Brunelleschi, aliyesomea usonara, alianza kazi hiyo mwaka 1420 na kuba likakamilika mwaka 1436. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na kati ya matofali yaliyolazwa akasimamisha mengine wima, ili kila mzunguko ujishikilie wenyewe kabla chokaa haijakauka.

Brunelleschi huyohuyo ndiye aliyeonyesha jinsi mistari inavyokutana machoni kadiri vitu vinavyokwenda mbali. Mnamo mwaka 1427 kijana Masaccio aliitumia elimu hiyo katika mchoro wa Utatu Mtakatifu, ukutani mwa kanisa la Santa Maria Novella. Chini kabisa imelala mifupa ya maiti, na maandishi yake yanamwambia mtazamaji kwamba nayo ilikuwa kama alivyo yeye, naye atakuwa kama ilivyo. Juu, nyuma ya msalaba, kuna dari la miraba inayopungua hatua kwa hatua, hata ukuta mtupu unaonekana kuwa chumba. Masaccio alifariki kabla ya kutimiza miaka 30, na bado nasikitika kila ninapolikumbuka hilo.

Sasa, elimu ya namna jicho linavyoona ilitoka wapi? Ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra, katika Iraq ya leo, aliyefanya kazi Cairo na kufariki karibu mwaka 1040, alieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini, kisha kwa Kiitalia, na mchongaji Lorenzo Ghiberti wa Florence alikinukuu kwa kirefu katika maandiko yake. Hata tarakimu za wafanyabiashara wale zilipitia kwa Waarabu.

Sisemi haya kuwapunguzia Wataliani sifa. Ibn al-Haytham hakuchora ukuta. Wao ndio waliochukua elimu ya nuru wakaifanya sanaa, na hilo ni jambo kubwa mno. Ninachokataa ni kusema kwamba walianza peke yao.

Tafuta nakala ya mchoro wa Masaccio, uweke rula juu ya mistari ya dari, uivute mpaka ikutane chini ya msalaba, kisha unitumie nakala hiyo nami niipime.

Akupendaye,
Baba yako