Kwa mpwa wangu aliyenyimwa kibali

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia tangu urudi hujafungua lile begi la viatu. Sikukupigia, maana najua ungenijibu "niko poa, mjomba" na simu ingekatwa. Naandika hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako. Wako vijana wengi waliofaulu majaribio uwanjani, wakaja kukwama kwenye karatasi.

Nataka umjue Wynton Rufer, mshambuliaji wa mpira wa miguu wa zamani. Alizaliwa Wellington, New Zealand, mwaka 1962, mama yake Mmaori, yaani wa wenyeji asilia wa nchi hiyo, na baba yake Mswisi. Mwaka 1981 Norwich City ya Uingereza ilimtaka, yeye akiwa na miaka 18. Kibali cha kazi kikakataliwa. Umesikia hapo? Klabu imekubali, miguu imekubali, ofisi imekataa.

Januari 1982, hata wiki mbili hazijapita tangu atimize miaka 19, alikuwa Singapore akiichezea New Zealand dhidi ya China. Walishinda 2-1, bao moja likiwa lake, na nchi yake ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kule Hispania walipoteza mechi zote tatu.

Watu wakimsimulia Rufer huruka kutoka hapo hadi Ujerumani. Mimi nakuomba usiiruke miaka saba iliyo katikati. Alikwenda Uswisi, nchi ya baba yake: FC Zürich, kisha Aarau, kisha Grasshopper. Hizo si timu ambazo ungebandika picha zake chumbani. Werder Bremen ilimchukua mwaka 1989, akiwa na miaka 26. Wewe una 20, na unaniambia umri umekutupa mkono!

Akiwa Bremen alichukua Kombe la Ujerumani mara mbili, na ubingwa wa ligi mwaka 1993. Mwaka 1992, fainali ya Kombe la Washindi Ulaya pale Lisbon, Monaco walilala 2-0 na bao la pili lilikuwa lake. Lakini mechi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Ligi ya Mabingwa, Desemba 1993, dhidi ya Anderlecht ya Ubelgiji. Hadi mapumziko Bremen walikuwa nyuma 3-0. Dakika ya 66 Rufer akafunga la kwanza, wenzake wakaongeza matatu, dakika ya 89 akafunga tena: 5-3. Msimu ule alimaliza kinara wa mabao wa Ligi ya Mabingwa, sawa na Ronald Koeman, kila mmoja manane. Baadaye alitajwa Mchezaji Bora wa Karne wa Oceania.

Sikufichi kitu, mpwa wangu. Rufer alikuwa na nchi ya baba ya kukimbilia. Baba yako na mama yako wote ni wa hapa hapa Tanga. Mlango huo huna, na inaniuma. Ndiyo maana sikwambii utafika Bremen. Nakwambia tu kwamba nilikuona ukicheza, na yule aliyegonga muhuri wa kukukatalia hakukuona.

Nimeongea na kocha wa timu yako ya zamani. Namba tisa hawajampa mtu. Mazoezi ni kesho saa kumi jioni, nitakupitia saa tisa na nusu.

Mjomba wako