Kabla Hujanunua Kifaa Kipya

Area C, Dodoma

Ndugu yangu Yohana,

Salaam. Huku hatujambo, joto tu ndilo limezidi. Shemeji na watoto wasalimie.

Umeuliza kama ubadilishe kifaa kizima, kile kinachokadiria mahali gari lilipo GPS inapokatika, kwa kuwa gari lenu la upimaji huonekana kwenye ramani limekimbilia porini kila GPS inapokatika. Usinunue bado. Na kwanza kagua waya wa antena pale unapopinda mlangoni. Tambarare ya Bahi anga ni jeupe kabisa. Mawimbi yakikatika pale, usiwalaumu setilaiti.

Yakikatika kweli, tatizo ni hesabu yenyewe. Akselerometa, yaani sensa ya mchapuko iliyo ndani ya kifaa, ina hitilafu ya sifuri: gari limetulia, yenyewe inasoma mchapuko. Chukua 0.0098 m/s², yaani sehemu moja tu ya elfu ya mvutano wa dunia. Kifaa kinaujumlisha upate kuwa mwendo, kisha kinajumlisha tena upate kuwa umbali. Sekunde 10, umepotea nusu mita. Dakika 1, mita 18. Dakika 2, mita 70. Jiro, yaani sensa ya mzunguko, ikikosea ni balaa zaidi, maana kifaa hudhani gari limeinama na kuhesabu sehemu ya mvutano kama mwendo. Kifaa cha bei mbaya kitakuongezea muda, lakini ugonjwa ni uleule.

Dawa ni gurudumu. Chukua mapigo ya sensa za magurudumu za ABS (breki zisizojifunga), uyaingize kwenye kichujio cha Kalman, yaani hesabu inayounganisha vipimo vyote kupata kadirio moja. Hapo kosa litafuata umbali uliokwenda, halitalipuka kwa kupita muda. Tumia magurudumu yasiyosukumwa na injini, kwa sababu yanayosukumwa huzunguka bure kwenye mchanga. Kwa pikapu yenu ikiwa 2H (injini ikisukuma ya nyuma tu), ni ya mbele. Ila kwenye kona, ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo programu iambiwe ni yapi. Kisha pima: lami iliyonyooka, GPS safi, kilomita 2, linganisha umbali wa gurudumu na wa GPS. Kosa la 1% ni mita 10 kila kilomita. Tairi yenye nusu kipenyo cha mm 350 ikilika mm 7, tayari ni 2%. Basi ukibadilisha matairi pima upya, na upepo uangalie asubuhi kabla hayajapata moto.

Halafu simama. Sekunde 10 kila baada ya dakika 2 au 3, injini ikiunguruma sawa, lakini mtu asifungue mlango. Programu inajua mwendo ni 0, na wastani wa jiro katika utulivu huo ndio hitilafu yake. Kwetu hapa, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mzunguko wa dunia wa nyuzi 15 kwa saa huonekana kwenye jiro ya wima kama nyuzi 1.6 tu kwa saa; kwa jiro ya bei nafuu, upuuze. Mvutano je? Kama mlijiandikia programu, wekeni 9.78 m/s². Ukiacha 9.81, kimo kitakosea mita 50 na zaidi ndani ya dakika moja.

Kanuni ya kwamba gari haliendi kiubavu iwashe pia, ila kwenye matope ilegeze.

Kifaa kifungwe kwa bolti kwenye chesisi. Kwenye dashibodi hapana: barabara ya vumbi yenye mawimbi huitikisa plastiki ile mpaka mtikisiko unageuka hitilafu. Umbali kutoka kifaa hadi antena upime kwa futi kamba, sentimita kwa sentimita, pande zote tatu. Kikilala juani, kiwashe dakika 15 kabla ya kazi, kisha endesha dakika 5 ukikata kona, ukiongeza mwendo na kufunga breki, kichujio kijifunze.

Na kwa kuwa ninyi ni wapimaji, hamna haja ya jibu papo hapo. Hifadhini data ghafi, mzichakate kwenda mbele na kurudi nyuma. Kosa kubwa litabaki katikati ya pengo, tena dogo sana kuliko lile la mwanzo.

Jaribu hivi: mahali penye anga wazi, zima GPS ndani ya programu kwa sekunde 60, huku ukiendelea kuirekodi pembeni. Rudia mara 5, unitumie faili zote, hata lililoharibika.

Ndimi wako,
Chande